Dakta Schweitzer: Kinanda, Dawa na Meza ya Kambini

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa Mungu tumezoea kuwaletea habari za wamisionari na wachungaji. Safari hii tumemchagua daktari mmoja ambaye wengi mmesikia jina lake shuleni, Albert Schweitzer wa Lambaréné, nchini Gabon. Watu wanamjua kwa hospitali yake. Ni wachache wanaojua kwamba yeye na mke wake walifungwa kambini kwa sababu tu ya nchi waliyozaliwa, na kwamba aliingia kambi hizo na elimu tatu kichwani: muziki, utafiti na udaktari. Katika udaktari huo, tasnifu aliyoiandika ilihusu magonjwa ya akili. Kati yetu wako walimu, mafundi, wauguzi na wapiga gitaa wa kwaya waliofika hapa bila cheti wala chombo cha kazi. Hao hasa ndio tuliowafikiria tulipokuwa tukiandika.

Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, jimbo la Alsace. Jimbo hilo liko mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na Wajerumani walikuwa wamelichukua mwaka 1871, miaka minne kabla hajazaliwa. Sisi tunaoishi karibu na Koboko hatuhitaji maelezo marefu juu ya mipaka. Wakakwa wako Uganda, wako Kongo, wako Sudan Kusini, lugha moja na ukoo mmoja, na mstari umepita katikati. Watu wa Alsace nao walikuwa hivyo. Nyumbani walisema lahaja ya Kijerumani, barua walimwandikiana kwa Kifaransa, na vita ilipokuja kila upande uliwaangalia kwa jicho la mashaka.

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika kijiji cha Günsbach. Kanisa la kijiji lilitumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa zamu, jengo moja, na jambo hilo alilipenda hadi uzeeni. Kinanda alianza kufundishwa akiwa mtoto mdogo, na alipofika miaka 9 tayari aliweza kumshikia nafasi mpiga kinanda wa kanisa ibadani. Hapa hatuzungumzi juu ya kinanda kidogo cha umeme kama vile tulivyo navyo katika kwaya zetu. Ni kile kikubwa cha mabomba, chenye safu kadhaa za vibao vya mikono na safu nyingine ya kukanyagwa kwa miguu. Baadaye alifundishwa mjini Paris na Charles-Marie Widor, bingwa wa kinanda wa wakati ule.

Akiwa na miaka 21, likizo ya Pentekoste mwaka 1896, aliamka asubuhi moja nyumbani kwa wazazi wake akaona kwamba raha yake ilikuwa kubwa mno kuliko ya wengine. Akakata shauri: mpaka miaka 30 ataishi kwa masomo na muziki, kisha maisha yaliyobaki atayatoa kuwatumikia watu kwa mikono yake. Hakumtangazia mtu. Aliendelea kusoma, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1899, akawa mhubiri wa kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Strasbourg na mwalimu wa theolojia chuoni. Mwaka 1905 alitoa kwa Kifaransa kitabu chake juu ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa kanisa. Alipoombwa toleo la Kijerumani hakuweza kutafsiri tu. Alikaa akaandika upya, na kurasa 455 zikawa 844.

Lakini mwaka uliotangulia, 1904, alikuwa ameona mezani pake gazeti la chama cha misioni cha Paris lililosema kwamba Gabon haina watenda kazi. Alilisoma, akaendelea na kazi yake ya siku ile, na shauri likawa limekwisha. Tarehe 13 Oktoba 1905 alitia barua katika sanduku la posta kuwajulisha wazazi na rafiki zake kwamba ataanza kusoma udaktari. Ndugu na marafiki walimlaumu sana. Profesa wa miaka 30 aende kukaa darasani na vijana! Wengine walimwambia afanye maonyesho ya kinanda, akusanye fedha, awapelekee Waafrika, inatosha. Yeye aliona amesema na kuandika vya kutosha. Sasa alitaka kazi isiyohitaji maneno mengi.

Alisoma miaka mingi huku akihubiri, akifundisha na kupiga kinanda, na usingizi ulikuwa haba. Ada ya mtihani wake wa mwisho wa udaktari, mwaka 1911, aliipata kwa kupiga kinanda katika tamasha la muziki wa Kifaransa mjini Munich. Kwa hiyo muziki ndio uliomlipia udaktari, na haikuwa mara ya mwisho.

Ilibaki tasnifu. Siku zile madaktari kadhaa wa Ulaya walikuwa wameandika vitabu wakidai kwamba Bwana Yesu alikuwa mgonjwa wa akili, mtu aliyejiona mkuu kupita kiasi na kusikia sauti zisizokuwapo. Schweitzer angeweza kuwajibu kwa hasira ya mhubiri, lakini aliamua kuwajibu kwa elimu yao wenyewe. Alizama zaidi ya mwaka mzima katika vitabu vya magonjwa ya akili, mpaka kazi ikamchosha na mara kadhaa akatamani kubadili somo. Alipomaliza, mwaka 1913, alionyesha kwamba wale madaktari walitumia habari wasizozichunguza na kwamba hawakuujua ulimwengu wa Wayahudi wa wakati ule. Jambo ambalo kila mtu wa taifa lile alilitarajia, wao waliliita ugonjwa. Mambo machache yaliyobaki hayakutosha hata kidogo kumtangaza mtu kuwa ana wazimu.

Tutaje hapa, maana ni haki, kwamba theolojia ya Schweitzer siyo yetu katika kila jambo. Hata chama cha misioni kilimwogopa, na kilimkubali kwa sharti awe daktari tu, asihubiri. Akakubali kunyamaza kama samaki. Alipofika Gabon wamisionari wenyewe walimwondolea sharti hilo baada ya muda si mrefu.

Alimwoa Helene Bresslau mwezi Juni 1912. Huyu mama alikuwa amejifunza uuguzi kwa ajili ya kazi hiyo, na tunamwona anasahauliwa mno katika habari za mumewe. Waliondoka Günsbach siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1913, wakafika Lambaréné, kando ya mto Ogowe, katikati ya mwezi Aprili. Chumba cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku lililosafishwa na kupakwa chokaa. Mpishi mmoja aliyejua lugha nyingi, Joseph Azoawani, akawa mkalimani na msaidizi wake. Katika miezi tisa ya kwanza walitibu watu karibu 2,000. Jioni Schweitzer alikaa kwenye piano yenye vibao vya miguu, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, zawadi ya chama cha muziki wa Bach cha Paris. Mwanzoni alidhani vidole vyake vitasahau tu na yaishe. Baadaye akaona kwamba huku msituni ndiko alikopata nafasi ya kujifunza kila wimbo polepole, moja moja, mpaka autie moyoni.

Usiku mmoja aliitwa kwa mgonjwa wake wa kwanza wa akili. Alimkuta mama mzee amefungwa kwenye mnazi, jamaa yake yote wakiwa wamekaa kuzunguka moto. Aliamuru afunguliwe. Walifungua kwa woga, na mara yule mama akamrukia ili amnyang'anye taa. Watu wote wakakimbia. Schweitzer akamshika mkono, akaketi chini pamoja naye, na mama akakubali kuchomwa sindano ya dawa ya usingizi. Baada ya muda mfupi akamfuata mpaka kibandani akalala. Wiki mbili zikapita, akawa mzima, angalau kwa wakati ule. Habari zikaenea kwamba amekuja mganga awezaye wazimu wa kila namna.

Hazikuwa kweli, na Schweitzer mwenyewe ndiye aliyeliandika hilo. Wa pili alikuwa mwanamume mzee, aliletwa amefungwa mikono na miguu, kamba zimeingia katika nyama, damu na vidonda. Alimpa dawa kali kupita zote alizokuwa nazo na hazikufanya kitu. Joseph alimwambia kwamba mtu huyu amelishwa sumu. Kabla ya wiki mbili kwisha akafa. Tumesimulia yote mawili kwa sababu hata hapa kwetu tunapenda kushuhudia ya mama wa mnazi, na ya yule mzee tunayanyamazia. Lakini katika makazi yetu ziko familia zenye ndugu aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba, na wanaona aibu kumtaja hata kanisani. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina idara ya magonjwa ya akili. Kumpeleka mtu huko si kukosa imani.

Mwezi Agosti 1914 vita kuu ilianza Ulaya. Gabon ilikuwa koloni la Ufaransa, na Schweitzer na mkewe walikuwa na karatasi za Ujerumani. Jioni ya tarehe 5 waliambiwa kwamba sasa ni wafungwa. Walibaki katika nyumba yao chini ya ulinzi wa askari Waafrika, wakakatazwa kusema na mtu, na wagonjwa wakageuzwa njiani. Siku ya pili yake alianza kuandika kitabu juu ya ustaarabu na kwa nini umeanguka. Mwisho wa Novemba walifunguliwa kidogo, Widor akiwa mmoja wa waliowasemea Paris, na kazi ya hospitali ikaendelea kwa madeni. Septemba 1915, akiwa ndani ya mashua kati ya kundi la viboko mtoni Ogowe, lilimjia lile neno lililobeba mafundisho yake yote ya baadaye, yaani kuheshimu uhai wa kila kiumbe.

Mwaka uliofuata mama yake mzazi alikufa huko Alsace, amekanyagwa na farasi wa askari barabarani karibu na kijiji chao. Mwanawe alikuwa mbali, na hakuweza kumzika. Wako kati yenu wanaoyajua hayo bila kuelezwa.

Septemba 1917 ikaja amri kwamba wapelekwe Ufaransa, kambini. Maandishi yake aliyaacha kwa mmisionari Mmarekani ayatunze. Walipofika Bordeaux wakawekwa mahali pa muda, na hapo Schweitzer akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomsumbua muda mrefu baadaye. Kisha wakapelekwa Garaison, katika milima ya Pirenei. Palikuwa nyumba ya watawa ya zamani, na jina lake katika lugha ya kule lina maana ya uponyaji. Kulikuwa na baridi kali, na ndani yake wafungwa wa mataifa mengi. Katika ukaguzi wa mizigo askari alikuta kitabu cha siasa cha Aristoteles, akaghadhibika kwamba mtu anathubutu kuleta siasa kambini. Schweitzer ikambidi aeleze kwa upole kwamba mwandishi alikufa kabla ya Kristo kuzaliwa. Askari akauliza wenzake kama ni kweli, akamrudishia.

Mwanzoni alikatazwa kutibu, baadaye mkuu wa kambi akampa chumba. Na hapa tufike kwenye ile meza. Vita ilipoanza, kule Lambaréné, Schweitzer alikuwa amempa mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyekuwa anachukuliwa mfungwa sanduku la dawa aende nalo. Dawa zile zilizunguka kambi hadi kambi, na zilimsaidia mke wa fundi mmoja ambaye sasa alikuwa Garaison. Fundi huyo alipojua dawa zilitoka kwa nani, akapanda darini, akang'oa mbao, akamtengenezea meza. Juu ya meza hiyo Schweitzer aliandika. Juu ya meza hiyo pia alipiga kinanda: vidole vikicheza kwenye mbao kana kwamba ni vibao, miguu ikikanyaga sakafu, hakuna sauti hata moja. Mchezo huo alikuwa ameuanza melini walipokuwa wakisafirishwa. Wapita njia walimwona mtu mzima anapapasa meza na pengine walidhani akili imemtoka.

Pale kambini walikuwamo pia wapiga muziki wa hotelini Paris, Wajipsi, waliozuiliwa kama wengine. Walijua kwamba jina lake limeandikwa katika kitabu cha muziki, wakamwona mwenzao, wakamruhusu kusikiliza wanapofanya mazoezi darini. Siku ya kuzaliwa ya mama Helene, asubuhi, walisimama mlangoni wakampigia wimbo. Kati ya mambo yote ya kambi ile, hilo Schweitzer alilisimulia kwa furaha zaidi.

Kama daktari aliona zaidi ya homa na vidonda. Aliona watu wanazunguka uani saa nyingi, milima yenye theluji mbele yao, na hawawezi tena kuianza kazi hata ikiwekwa mikononi. Aliona kwamba wengi waliugua kwanza moyoni, ndipo mwili ukafuata. Tena aliona kwamba mle ndani mlikuwa na fundi wa kila kazi, mwalimu wa kila somo, na kwamba mtu aliyetaka kujifunza hakuhitaji kitabu, alihitaji kumwendea jirani. Yeye mwenyewe alijifunza kwao juu ya fedha, ujenzi wa viwanda na kilimo.

Mwaka 1918, kabla ya majira ya joto, walihamishiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, kambi ya watu wa Alsace. Alipoingia mara ya kwanza katika chumba cha chini cha mchana, kitupu, na jiko la chuma na bomba lake refu linalopita hewani, alihisi kwamba amewahi kukiona, na hakujua wapi. Baadaye akakumbuka: alikuwa amekiona katika mchoro wa Vincent van Gogh. Nyumba hiyo zamani ilikuwa hospitali ya magonjwa ya akili, na mchoraji huyo aliingia humo kwa hiari yake mwezi Mei 1889, akakaa mwaka mmoja. Van Gogh alikuwa mtoto wa mchungaji, na kabla ya uchoraji aliwahi kuwahubiria wachimba makaa wa Ubelgiji. Katika mwaka ule wa ugonjwa alichora picha nyingi sana, mojawapo ni ile ya usiku wenye nyota ambayo leo inajulikana dunia nzima. Aliyeandika tasnifu juu ya akili na aliyeugua akili waliota moto kwenye jiko moja, miaka ishirini na tisa kati yao. Siku za Jumapili Schweitzer alipiga kinanda kidogo kwa ajili ya ibada ya wafungwa, na daktari mwingine alipoondoka akawa daktari wa kambi.

Walitolewa Julai 1918 kwa kubadilishana wafungwa, wakarudi kupitia Uswisi. Afya ya Helene ilikuwa imevunjika na haikurudi kabisa. Binti yao Rhena alizaliwa tarehe 14 Januari 1919, siku ileile ya baba yake. Schweitzer alipasuliwa, akawa dhaifu, ana deni kubwa, na watu wa elimu walikuwa wamemsahau. Mwenyewe alijifananisha na sarafu iliyodondoka ikabingirika chini ya kabati. Ndipo, wakati wa Krismasi 1919, askofu mkuu wa Uswidi, Nathan Söderblom, alipomwandikia aje kufundisha Uppsala. Alikwenda na huzuni yake. Söderblom aliposikia habari za deni, akamshauri azunguke nchi ile akihutubu na kupiga kinanda. Katika wiki chache za mwaka 1920 sehemu kubwa ya deni ikalipwa kwa muziki, na vidole vilivyofanya mazoezi kwenye ubao wa darini vikaipigia Uswidi nzima.

Alirudi Lambaréné mwaka 1924, Jumamosi kabla ya Pasaka, bila mke wake, kwa sababu Helene hakuwa na afya ya kwenda. Alikuta msitu umemeza hospitali. Akaanza tena, akaezeka, na mwaka 1927 akahamia mahali papya karibu kilomita tatu juu ya mto. Hapo palijengwa kwa mara ya kwanza nyumba inayofaa kwa wagonjwa wa akili. Fedha zake zilitoka kwa waumini wa kusanyiko moja la London, kwa kumbukumbu ya mwenzao aliyefariki. Kabla ya hapo alikuwa na chumba kimoja chenye giza, na wengine ilimbidi awarudishe wamefungwa walivyokuja. Hospitali yake aliiacha iwe kama kijiji: ndugu wanakuja na mgonjwa, wanapika, wanalala karibu naye. Wageni wa Ulaya walishangaa na kulalamika kwa uchafu. Sisi tuliolala chini ya vitanda vya wagonjwa wetu tunajua kwa nini watu walikuja kwake kutoka mbali. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo, alifanya jambo la namna hiyo huko Aro kwa wagonjwa wa akili, wakikaa na jamaa zao vijijini, na yeye alilifanya kwa utafiti na mpango mzuri zaidi.

Schweitzer alikuwa na kasoro ambayo hatutaificha. Alimwita Mwafrika ndugu, lakini ndugu mdogo, na katika miaka zaidi ya hamsini hakumwandaa mwenyeji wa kushika hospitali. Waafrika wengi walimkosoa kwa hilo, na walikuwa na haki.

Pamoja na hayo watu walijifunza kwake. Mwaka 1961 alifika Lambaréné daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyekuwa ametokea Mahenge, Tanganyika. Huko aliwaona watu wa kifafa wametengwa na jamaa zao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoanguka motoni watu waliogopa kuwagusa. Aliwaanzishia kliniki. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili na mtafiti huko Kanada, na aliandika kitabu juu ya siku zake pamoja na Schweitzer.

Mwaka 1941, katika vita ya pili, mama Helene, ambaye wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyahudi, alitoroka Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani, akapita Ureno na Angola, akafika Lambaréné mwezi Agosti, mwanamke mgonjwa wa miaka 62. Alikaa huko mpaka vita ikaisha. Alifariki mwaka 1957. Fedha za tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 1952 mumewe alizitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma.

Schweitzer alikufa Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, na akazikwa hapohapo karibu na mto, chini ya msalaba wa mbao aliouchonga mwenyewe. Hospitali ingali inatibu watu.